Majira matatu ya baridi na hita za matofali: mapitio yangu ya umeme wa usiku Uingereza

Fleti yetu iko ghorofa ya pili mjini Northampton, katika jengo ambalo halina bomba la gesi. Joto lote la nyumba na maji yote ya moto yanatoka kwenye umeme, na umeme wenyewe una bei mbili. Mchana nalipa peni 31 kwa uniti. Kuanzia saa sita na nusu usiku hadi saa moja na nusu asubuhi nalipa peni 15. Mpango huu unaitwa Economy 7, kwa sababu ya hizo saa saba, na upo tangu 1978. Naandika mapitio haya kwa kuwa kila ikifika Oktoba napigiwa simu na watu wetu waliohamia nyumba za namna hii, na swali huwa lile lile: dada, haya masanduku ya ukutani yanawashwaje?

Nimeishi nayo majira matatu ya baridi, la nne ndilo hili linaanza. Nitatoa nyota zangu mapema ili mwenye haraka aondoke nazo. Maji ya moto ya usiku: nyota tano. Hita za zamani: mbili kwa anayetoka asubuhi na kurudi usiku, nne kwa anayeshinda nyumbani. Hita mpya tuliyofungiwa sebuleni: nne. Kampuni ya umeme tuliyokuwa nayo mwanzoni, ambayo jina lake silitaji: moja.

Tulihamia Novemba 2022, mwaka ambao bei ilipaa hadi serikali ikalipia kila kaya pauni 400 za umeme kwa msimu ule. Aliyetukabidhi funguo alituonyesha masanduku mawili meupe, moja sebuleni na moja koridoni, akasema hizi ndizo hita, akaenda zake. Jioni ile niliwasha swichi zote za ukutani nikasubiri. Saa mbili usiku, baridi. Saa nne, baridi. Nikaamini ni mbovu, nikazizima. Kesho yake mume wangu akanunua hita ya feni ya kilowati 2, tukawa tunaiwasha tangu mtoto anaporudi shule hadi tunapolala. Saa sita kwa siku ni uniti 12, zote kwa bei ya mchana. Kwa bei ninayolipa sasa hiyo ni pauni 3 na peni 72 kila siku, kwa chumba kimoja tu, na hita ya feni ukiizima joto lake halikai hata nusu saa. Kwenye kabati la tanki la maji nako nilikuta swichi mbili, nikaziwasha zote mbili, nikaziacha hivyo hivyo.

Bili ya kwanza ilikuwa ya wiki saba. Pauni 447. Nilikaa kwenye ngazi za jengo na ile karatasi mkononi nikalia. Ndipo bibi mmoja wa ghorofa ya chini, aliyeishi humo tangu miaka ya themanini, akanikuta, akanishika mkono tukapanda naye juu. Kila ninachokijua kuhusu hita hizi kilianzia kwake.

Sanduku lile ndani yake ni matofali. Si matofali ya kujengea. Fundi alipokuja kulifungua siku moja niliinua moja nikashangaa: ni dogo lakini zito kupita kiasi, kwa sababu matofali mengi ya aina hii yana madini ya chuma ndani yake. Katikati ya matofali zimepita nyaya nene za kupashia, na kuzunguka yote kuna matabaka ya kuzuia joto lisitoke. Usiku, saa za bei nafuu zikifika, umeme unaingia na matofali yanapata moto wa mamia ya nyuzi. Asubuhi umeme unakatika, na kutwa nzima nyumba inaishi kwa joto lile lililolimbikizwa. Ndiyo maana nilipoziwasha jioni hazikufanya kitu. Hita hizi zina waya wao wa peke yake kutoka kwenye mita, na waya huo mchana hauna umeme kabisa.

Ya sebuleni ilikuwa ya kilowati 2.55. Kwa saa saba inakula karibu uniti 18, yaani pauni 2 na peni 68 ikijazwa pomoni. Ya koridoni ni ya kilowati 1.7, karibu uniti 12, pauni 1 na peni 79. Ukilinganisha na ile hita ya feni, hesabu inajieleza.

Juu ya kila sanduku, chini ya kifuniko kidogo, kuna vitufe viwili vya kuzungusha. Kimoja kimeandikwa Input, hicho ndicho kinachoamua matofali yatakula umeme kiasi gani usiku huu. Cha pili kimeandikwa Output, hicho kinafungua kilango cha bati ndani ili hewa ya moto itoke kwa wingi. Yule bibi alikuwa na utaratibu wake. Kila jioni anatazama taarifa ya hali ya hewa. Ikisemwa kesho itakuwa nyuzi 10, anaweka cha kuingiza kwenye 2. Ikisemwa barafu, anapandisha hadi 5. Cha kutolea anakiacha kwenye 1 tangu alfajiri, anakifungua saa kumi jioni, na anakifunga kabla ya kulala. Hilo la mwisho alilirudia mara tatu akinitazama machoni. Ukilala kilango kikiwa wazi, joto linatoka usiku kucha huku matofali yakijaribu kujaa, unaamka na sanduku lililo nusu, umelipia lote.

Ukikosea leo, huna la kufanya hadi usiku. Hapo ndipo hita hizi zinapowashinda wengi. Baridi ikishuka ghafla adhuhuri, matofali yana kile ulichoyalisha jana, basi. Na jua likitoka ghafla, ambalo hutokea Machi na Aprili, unakaa ndani madirisha wazi ukitupa nje joto ulilokwisha kulilipia. Nimefanya yote mawili zaidi ya mara moja.

Novemba 2023 mama yangu alikuja kutoka Tanga kukaa nasi hadi Februari. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo ya vitufe, nikawaza nitaanzia wapi. Sikuhitaji. Siku ya kwanza alikaa karibu na lile sanduku kutwa, akiligusa kila baada ya muda. Asubuhi la moto. Adhuhuri la moto. Jioni vuguvugu. Nilipomwambia kwamba linakula umeme usiku tu na mchana halina umeme, akacheka kwa furaha.

"Mwanangu, hili ni kaa lililofukiwa."

Wenzangu mliolelewa na jiko la kuni mnajua. Baada ya chakula cha usiku mama alikuwa anachagua makaa makubwa, anayalaza kwenye majivu, anayafunika vizuri na majivu mengine. Alfajiri anafukua, anapuliza mara mbili tatu, moto unashika, chai inakaa jikoni. Kaa lililofukiwa ukilichokoachokoa usiku, asubuhi unakuta majivu matupu. Yeye alikuwa na miaka zaidi ya sitini ya kufukia makaa, na kitufe cha kutolea alikielewa kwa mfano huo pale pale. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna anayetaja Input wala Output. Tunasema fukia, tunasema fukua. Mwanangu wa miaka saba ndiye mwenye kazi ya kufukua saa kumi jioni akirudi shule, na haisahau.

Msimu ule mama alipokuwapo ndio msimu hita za zamani zilitufaa kuliko wakati wowote. Mume wangu anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, kama watu wengi wa mji huu uliojaa maghala. Anarudi saa moja asubuhi, analala mchana. Mama alishinda nyumbani. Basi nyumba ilikuwa na joto wakati ule hasa ambao hita hizi zina joto: asubuhi hadi alasiri. Mimi ninayehudumia wazee majumbani kwao, natoka asubuhi na siku nyingine narudi saa moja usiku, ndiye niliyekuwa nakuta mabaki. Hita ya zamani, hata ukifukia vizuri namna gani, inavuja kidogo kidogo kutwa nzima kupitia mbavu zake. Ikifika usiku imebaki na uvuguvugu wa kutia mgongo tu. Mama alipoondoka, mume wangu akabadilishiwa zamu kwa miezi miwili akawa anatoka mchana, tukawa tunapasha joto sebule isiyokuwa na mtu. Nyumba ile ile, hita zile zile, na pesa zilikuwa zinapotea mbele ya macho yetu. Ndiyo sababu nimezipa nyota mbili na nne kwa mpigo. Kabla ya kumuuliza mtu kama hita hizi ni nzuri, muulize nani anakuwa nyumbani saa nne asubuhi.

Jambo moja la hatari nalisema hapa kwa sababu lilitukuta. Mama alifua kanga zake mbili, akaona sanduku la moto limekaa bure, akazitandika juu yake zikauke. Kwetu nani asingefanya hivyo? Nilirudi nikakuta harufu ya nguo iliyoungua na alama ya kahawia kwenye pindo la kanga moja. Hita ilikuwa imejikata yenyewe. Ndani kuna kinga inayozima kila kitu sanduku likizidi moto, na kwa hita yetu mpaka fundi aje airudishe. Tulikaa siku tatu sebule haina joto, Januari. Fundi alisema neno moja: usifunike, hata kwa kitambaa chepesi, na sofa isigusane nayo. Mama aliumia sana moyoni, na mimi niliumia zaidi kwa kutomwonya. Sasa nguo tunaanika kwenye fremu ya chuma ya kuanikia koridoni, mbali na hita, na dirisha la jikoni tunaliacha wazi kidogo, maana unyevu wa nguo ukibaki ndani kuta zinaota ukungu mweusi kwenye pembe.

Sasa maji, ambayo nayapenda kwa dhati.

Tanki letu ni la lita 210, limesimama kabatini kama pipa refu, limevikwa sponji ngumu ya kijani. Lina vyuma viwili vya kupashia, kila kimoja kilowati 3. Cha chini kinafanya kazi usiku tu na kinapasha tanki zima. Cha juu kinawashwa kwa swichi saa yoyote, na kinapasha sehemu ya juu pekee, kwa siku maji yakiisha. Zile swichi mbili nilizoziwasha mwanzoni ndizo hizi. Kila mtu aliponawa mikono mchana, cha juu kilikuwa kinaamka na kula umeme wa peni 31 bila mimi kujua. Nilipokizima, na sijakiwasha zaidi ya mara kumi tangu wakati ule, familia yetu inatumia karibu uniti 7 za maji kwa siku. Kwa umeme wa usiku hiyo ni pauni 1 na peni 5. Kwa umeme wa mchana ingekuwa pauni 2 na peni 17. Tofauti hiyo kwa mwaka ni zaidi ya pauni 400, kwa swichi moja tu iliyozimwa.

Kulipasha tanki lote kutoka maji ya nyuzi 10 hadi nyuzi 60 kunahitaji uniti 12 hivi, saa nne za chuma cha kilowati 3, kwa hiyo saa saba zinatosha na kubaki. Usishushe chini ya nyuzi 60 kwa kutafuta nafuu. Maji ya vuguvugu yaliyotuama tankini huzaa vijidudu vinavyoitwa legionela, vinavyoleta ugonjwa wa mapafu, na ushauri wa afya hapa ni kuyahifadhi kwa nyuzi 60 au zaidi. Maji hayo yanaunguza, kwa hiyo mtoto hafungui bomba la moto peke yake. Kama tanki lako ni la zamani na ni shaba tupu, livishe koti lake la kuzuia joto, lenye unene wa milimita 80 au zaidi. Linauzwa madukani kwa bei ndogo kuliko wiki moja ya umeme.

Lakini kuna siri niliyoichelewa kwa mwaka mzima, na wengi mlio kwenye fleti kama yetu mnaiishi sasa hivi bila kujua. Bomba letu la mvua ni la umeme, lile sanduku jeupe lenye kamba ya kuvuta darini, la kilowati 8.5. Ni ndugu wa yale ya kuogea yanayofungwa Nairobi na Arusha. Halichukui maji kwenye tanki. Linachukua maji baridi na kuyapasha hapo hapo, kwa bei ya saa hiyo. Dakika kumi za kuoga jioni ni uniti 1.4, peni 44. Watu watatu, pauni 1 na peni 32 kila siku, huku tankini kuna lita 210 za maji ya moto yaliyokwisha kulipiwa kwa bei ya usiku!

Aliyelimaliza tatizo hili ni mama pia, wala hakuwa anafikiria bili. Hakulipenda lile bomba, alisema maji yake ni membamba na yanamkimbia. Akaomba ndoo na kopo. Anafungua bomba la moto, anachanganya na baridi, anaoga vizuri kwa ndoo mbili za lita 10. Siku moja nikakaa na kalamu. Ndoo mbili za maji ya nyuzi 40 ni uniti 0.7, ambayo kwa umeme wa usiku ni kama peni 10 na nusu. Dhidi ya peni 44. Tukanunua ndoo nyingine mbili. Leo hata mume wangu, aliyekuwa analitetea bomba lake la mvua, anaoga kwa kopo akitoka kazini. Tanki letu lina maji ya kuogea watu wote na vyombo vya siku nzima, na bado likifika usiku halijaisha.

Majira ya baridi Northampton alfajiri inaingia saa kumi na mbili na kitu asubuhi, kwa hiyo tunaamka kuswali umeme ukiwa bado wa peni 15. Maji ya kutawadha yako tayari ya moto. Nikitoka kwenye mswala nawasha mashine ya kufulia, inamaliza kabla ya saa moja na nusu. Sijawahi kuiwasha usiku tukiwa tumelala, kwa sababu zimamoto wa hapa wanashauri tusiache mashine zikizunguka watu wakiwa usingizini, na nawaelewa. Siku ya mapumziko ndio wakati wa kupika maharage ya wiki. Ramadhani ya 2025 ilianza Machi mosi, hita bado zinafanya kazi, daku tunapika na kula ndani ya saa za nafuu, na sahani zinaoshwa kwa maji ya usiku huo huo. Sikuwahi kuwaza kwamba mpango wa bei wa Waingereza ungekaa vizuri namna ile na ratiba ya mtu anayefunga.

Kuhusu kampuni ya umeme. Bili zetu za mwaka wa pili zilikuwa juu kuliko hesabu zangu, na nilijua hesabu zangu. Kila nikipiga simu naambiwa matumizi yetu ya mchana ni makubwa, tupunguze. Nilikuwa nimeshapunguza kila kitu. Yule bibi wa chini akaniambia kitu chepesi: andika tarakimu zote mbili za mita kabla ya kulala, uziandike tena alfajiri. Mita ya bei mbili ina mistari miwili. Ule uliosogea sana usiku ndio wa usiku, haijalishi karatasi inasemaje. Nikafanya hivyo siku tano mfululizo. Mstari ambao kampuni iliuita wa mchana ndio uliokuwa unakimbia usiku. Walikuwa wameipindua. Joto letu lote na maji yetu yote tulikuwa tunayalipia kwa bei ya juu. Niliwapelekea picha za siku tano, nikapiga simu sita, kila mara naanza kueleza upya kwa mtu mpya. Baada ya wiki tisa wakaturudishia pauni 186 na samahani ya sentensi moja. Tukahama kampuni wiki hiyo hiyo. Nina uchungu na hili hadi leo, kwa sababu nawafikiria wazee na wageni wasioweza kukaa na kalamu au kubishana kwa Kiingereza kwenye simu.

Mita yenyewe imebadilika tangu wakati ule. Ile ya zamani ilikuwa inaamrishwa na redio: amri ya kuwasha na kuzima bei ya usiku ilisafiri ndani ya matangazo ya BBC Radio 4 kwenye masafa marefu, kilohezi 198, kutoka mtambo wa Droitwich. Mimi niliyekua nikimwona baba akizungusha redio kutafuta Idhaa ya Kiswahili kutoka London nilipoambiwa hivyo nilinyamaza kwa muda. Mwaka 2025 huduma hiyo ilianza kuzimwa awamu kwa awamu, na sisi tulibadilishiwa mita majira ya kuchipua, tukapata mita janja, ile inayopeleka tarakimu zake yenyewe kwa kampuni. Kama bado una sanduku jeusi la redio pembeni ya mita, usiidharau barua inayokutaka upange siku ya fundi, maana mawimbi yakikatika hita inaweza kubaki imewaka au imezima. Na kama mita yako ni ya zamani inayoendeshwa na saa, jua kwamba nyingi hazisogei wakati saa za nchi zinaposogezwa mbele Machi. Kiangazi saa za nafuu zinakuwa saa saba na nusu usiku hadi saa mbili na nusu asubuhi.

Umeme wa usiku uliwekwa nafuu wakati ule kwa kuwa mitambo ya makaa ya mawe na ya nyuklia haikuwa rahisi kuizima watu wakilala. Umeme wa makaa ya mawe umekwisha. Kituo cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar kule Nottinghamshire, kilifungwa Septemba 30, 2024. Mitambo ya upepo bado inazalisha umeme usiku, na bei mbili zimebaki. Ila usidanganyike kwamba ni nafuu kuliko gesi. Rafiki zangu wenye boila wanalipa peni 6 au 7 kwa uniti ya gesi, na wanabonyeza kitufe wakati wowote. Sisi tusio na bomba la gesi tunalinganisha na bei moja ya kutwa, ambayo kwangu ingekuwa peni 25. Ukipiga hesabu kwa bei zangu, lazima zaidi ya uniti 37 katika kila 100 ziwe za usiku ndipo bei mbili zikulipe. Sisi msimu wa baridi tunapita 70. Mtu ambaye hita zake amezizima na anatumia hita ya feni jioni anapata hasara pande zote mbili, na kama hataki kubadilika, bora aombe bei moja.

Septemba 2024 shirika la nyumba linalotupangisha lilitufungia hita mpya sebuleni. Kwa sheria zilizoanza 2018, hita mpya za aina hii zinatakiwa ziwe na vipimo vya joto la chumba na ziweze kujipangia zenyewe kiasi cha kujilimbikiza. Yetu ina skrini ndogo na feni ya kimya. Nimeiwekea nyuzi 20 kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku, na nyuzi 16 wakati mwingine. Imefungwa vizuri ndani hata ukiigusa adhuhuri ni vuguvugu tu, joto limekaa humo linasubiri. Kwa mara ya kwanza nikarudi kazini saa moja usiku nikakuta sebule ya moto. Nilisimama mlangoni na koti langu, nikampigia mama simu ili nimweleze. Akauliza kama tumeitupa ile ya zamani. Nikamwambia ya koridoni ipo, mjukuu wake bado anafukua. Hita mpya nimeikata nyota moja kwa sababu ina menyu ndefu ambayo mzee asiyeona vizuri hawezi kuifuata, na pia kwa sababu umeme mdogo wa feni na skrini unatoka kwenye bei ya mchana. Ni kidogo, lakini upo. Na ukiipangia saa vibaya inajiongezea joto kwa umeme wa mchana bila kukuuliza. Hakikisha fundi amekuonyesha mahali pa kuzima nyongeza hiyo.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mwenzangu wa kazini, mama wa Kikongo mwenye watoto wawili, kukagua fleti mbili. Tulifika ya kwanza saa kumi na moja jioni. Nikashika hita zote: baridi kama jiwe la mtoni, ingawa dalali alisema zimewashwa usiku. Tanki halikuwa na koti. Ya pili kodi yake imezidi kwa pauni 40 kwa mwezi, lakini ina hita mpya mbili, tanki la sponji, na mita janja. Watoto wake wanarudi saa tisa na nusu, yeye anafanya kazi asubuhi tu. Akachukua ya pili. Anahamia Ijumaa, na nimemwomba kwamba kabla hajafungua begi hata moja, apige picha mistari yote miwili ya mita.